Ulichokula na Kinachoingia Mwilini

Chukua sahani ya kawaida ya mchana: ugali, bakuli la maharage, mchicha kidogo, na kikombe cha chai ya rangi pembeni. Kwa hesabu ya majedwali ya lishe, maharage hayo peke yake yana takriban miligramu 4 za madini ya chuma. Kwa hesabu ya damu yako, huenda ukaambulia miligramu 0.2. Nyingine zote zitapita utumboni na kuishia chooni. Sasa rudia sahani hiyohiyo, ila maharage yawe yamelowekwa usiku kucha, pembeni pawe na kachumbari, baada ya chakula ule chungwa, na chai uisogeze mbele kwa saa moja. Chuma kinachoingia kinaweza kuongezeka mara mbili au hata tatu, na gharama iliyoongezeka ni ya chungwa tu.

Kwa hiyo sitakwambia ule nini. Hayo umeambiwa tangu shule ya msingi, kwa picha za makundi ya vyakula ukutani. Nataka kukuonyesha namna ya kukisaidia chakula ulichonacho kiingie. Mwili una kazi mbili hapa. Ya kwanza ni kukivunja chakula hadi kiwe chembe ndogo sana, na hiyo tunaiita mmeng'enyo. Ya pili ni kuzipitisha chembe hizo kwenye ukuta wa utumbo hadi kwenye damu, yaani kuzifyonza. Kwa mtu mzima asiye na maradhi, kazi ya kwanza huenda yenyewe bila tabu. Ya pili ndiyo inayoharibiwa au kuokolewa jikoni, na akina mama wengi wa kwetu wamekuwa wakiiokoa bila kujua sayansi yake.

Kinywani na tumboni

Kinywa ndiyo sehemu pekee ya safari hii unayoiamuru mwenyewe, basi itumie. Mate, ambayo mwili huyatengeneza zaidi ya lita 1 kwa siku, yana kimeng'enya kinachoanza kuvunja wanga papo hapo. Jaribu: tia tonge la ugali mkavu mdomoni, litafune polepole bila kumeza, na baada ya muda utahisi utamu kwa mbali. Huo ni wanga unaogeuka sukari. Kwa punje ngumu kama mahindi ya kuchoma, choroko na ufuta, kutafuna kuna maana kubwa zaidi, kwa sababu ganda la punje ni nyuzinyuzi na hatuna kimeng'enya chochote cha kuzivunja. Punje uliyoimeza nzima hutoka nzima, na kila aliyewahi kula mahindi kwa haraka analijua hilo.

Tumbo nalo lilikuja kueleweka kwa sababu ya ajali. Tarehe 6 Juni 1822, katika kisiwa cha Mackinac kaskazini mwa Marekani, kijana aliyeitwa Alexis St. Martin alipigwa risasi kwa bahati mbaya. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alimtibu akapona, lakini tundu lililofika hadi ndani ya tumbo halikuziba. Mwaka 1825 Beaumont alianza kufunga vipande vya chakula kwenye uzi wa hariri, akawa anavitumbukiza kupitia tundu hilo na kuvivuta kuvitazama. Baada ya saa moja mkate na kabichi vilikuwa vimemeng'enywa nusu, na nyama ilikuwa kama alivyoiweka. Baada ya saa mbili mkate, kabichi, nyama ya nguruwe na nyama ya ng'ombe iliyochemshwa vilikuwa vimekwisha kwenye uzi, ilhali vipande vingine vya nyama vilikuwa bado. Mwaka 1833 alichapisha kitabu kilichoonyesha wazi kwamba tumbo halisagi tu, linayeyusha chakula kwa maji yenye tindikali. St. Martin mwenyewe hakupenda kugeuzwa maabara, na mwaka huohuo wa 1825 aliondoka zake kwenda Kanada bila ruhusa ya daktari. Ukisoma habari zake, ni vigumu kumlaumu.

Tindikali hiyo huua vijidudu vingi vinavyoingia na chakula, hulegeza protini ili vimeng'enya vizikate, hutoa vitamini B12 kutoka kwenye nyama, samaki na mayai, na huyeyusha madini ya chuma yawe tayari kufyonzwa. Hapa kuna mambo matatu ya kushika. Maji unayokunywa wakati wa kula hayaharibu mmeng'enyo. Tumbo huongeza tindikali kadiri linavyohitaji, basi kunywa ukitaka. Tunda baada ya chakula haliozi tumboni, hata kama jirani ameapa kwamba linaoza. Mahali penye tindikali kali kiasi kile si pa kuozea kitu, na tunda linaloliwa pamoja na mlo lina faida tutakayoifikia. La tatu ni zito kidogo: dawa za kupunguza tindikali kama omeprazoli, ambazo watu wengi hujinunulia duka la dawa kila wanapopata kiungulia, zikitumika kwa miezi na miaka hupunguza ufyonzaji wa B12 na wa chuma. Ukiona unazihitaji kila wiki, nenda ukapimwe ujue kinachosumbua. Pengine ni bakteria wa vidonda vya tumbo, ambao hutibiwa kwa wiki chache za antibayotiki zikaisha. Mzee anayetumia metformini kwa ajili ya kisukari naye aulize kuhusu kipimo cha B12, maana dawa hiyo pia huipunguza.

Chakula hukaa tumboni kwa saa 2 hadi 4, na zaidi kikiwa na mafuta mengi. Ndiyo sababu chapati na pilau hukushibisha muda mrefu kuliko uji.

Ukuta wa utumbo

Kazi kubwa hufanyika kwenye utumbo mwembamba. Kongosho hutia maji yanayoizima tindikali pamoja na vimeng'enya vya wanga, protini na mafuta. Ini hutengeneza nyongo, na nyongo huyagawa mafuta kuwa matone madogo sana ili yachanganyike na maji, kwani bila hivyo yangeelea tu juu. Kufikia hapo ugali umekuwa glukosi, maharage yamekuwa asidi amino, na mafuta yamekatwakatwa.

Ukuta wenyewe umejikunja, mikunjo imejaa vijinyama vyembamba, na kila seli juu yake ina vinyweleo visivyoonekana kwa macho. Vitabu vya shule vilikuwa vikidai kwamba ukiutandaza wote utafunika uwanja wa tenisi. Mwaka 2014 watafiti wa Sweden, Helander na Fändriks, waliupima upya, wakapata takriban mita za mraba 30 tu, karibu nusu ya uwanja wa badminton. Bado ni eneo kubwa kwa kitu kilichokunjwa tumboni mwako. Jambo lenye manufaa zaidi kulijua ni kwamba seli za ukuta huo hufa na kubadilishwa kila baada ya siku 3 hadi 5. Mtu aliyetoka kwenye kuhara kukali au kufunga kwa muda mrefu ana ukuta uliochakaa unaojengwa upya, na malighafi ya ujenzi ni chakula. Kumnyima mtoto anayeharisha chakula "ili tumbo lipumzike" ni kumchelewesha kupona. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi, na kama ananyonya, aendelee kunyonya.

Chuma, ndimu na chai

Nimeanza na chuma na nitakaa nacho, kwa sababu ni mojawapo ya virutubishi vinavyopotea zaidi kati ya sahani na damu, na upungufu wake unawaandama wanawake na watoto wetu kuliko wengine.

Chuma kipo cha namna mbili. Kilichomo kwenye nyama, maini, kuku na samaki kimefungwa ndani ya sehemu ya damu na misuli ya mnyama, na utumbo hukipokea kwa urahisi: kati ya asilimia 15 na 35 huingia. Chuma cha maharage, mchicha, ulezi na mahindi hakina kinga hiyo. Kinagombaniwa na kila kitu kilichomo kwenye mlo, na kinachoingia huweza kuwa asilimia 2 tu, au kufika 20 mazingira yakiwa mazuri. Umbali kati ya 2 na 20 ndio uwanja wako wa kazi.

Kinachokisaidia kwanza ni vitamini C. Inakigeuza chuma kuwa katika hali ambayo ukuta unaweza kukichukua, na inakizuia kisishikwe na vitu vingine. Lakini lazima viwe tumboni wakati mmoja. Chungwa la saa nne asubuhi halisaidii maharage ya saa nane mchana. Vitamini C pia huharibika kwa moto, kwa hiyo ndimu iliyochemka ndani ya mchuzi nusu saa imebakiza uchachu zaidi kuliko vitamini. Ikamulie juu ya sahani, chakula kikiwa mezani. Kachumbari ya nyanya mbichi, pilipili hoho mbichi, embe, papai, chungwa, vyote vinafaa, na pera linayapita machungwa kwa mbali. Mtu anayesema kachumbari ni mapambo ya pilau hajui kazi yake.

Cha pili ni nyama au samaki kidogo. Vipande vichache vya nyama, au konzi ya dagaa, vikiliwa pamoja na maharage huleta chuma chake na pia hukisaidia chuma cha maharage kuingia. Huhitaji kilo moja. Dagaa ana sifa nyingine: unamla na mifupa yake, na humo mna kalsiamu.

Sasa wapinzani. Chai ndiyo inaongoza. Vile vitu vinavyoipa chai rangi na ukali wa ulimi hukikamata chuma cha mimea na kutengeneza nacho mchanganyiko ambao utumbo hauwezi kuupokea. Kikombe kimoja pamoja na mlo huweza kukata zaidi ya nusu ya ufyonzaji. Kahawa nayo hufanya hivyo, kwa kiasi kidogo zaidi. Maziwa ndani ya chai hayakuokoi, kwani kalsiamu ya maziwa nayo ina ugomvi na chuma. Sikuambii uache chai. Sidhani kama kuna mtu wa pwani au wa bara atakayenisikiliza. Isogeze tu. Saa moja baada ya kula inatosha kupunguza madhara kwa kiasi kikubwa. Chai ya asubuhi pamoja na mkate au kitumbua haina neno sana, kwa kuwa mlo wenyewe una chuma kidogo. Chai ya kuangalia ni ile inayoshushia maharage, kunde, dengu au mboga za majani, na hasa ya mama mjamzito na mtoto mdogo. Kumpa mtoto wa mwaka mmoja chai ya rangi na ugali kama mlo wa jioni ni jambo ambalo ningelipiga marufuku kama ningekuwa na mamlaka.

Mwili pia hujifungia mlango wenyewe. Hauna njia ya kutoa chuma kikizidi, kwa hiyo hudhibiti kinachoingia: ukiwa na akiba ya kutosha hufyonza kidogo, ukipungukiwa hufyonza zaidi. Ini hufanya hivyo kwa homoni iitwayo hepsidini. Na unapougua, kwa malaria au maambukizi mengine, hepsidini hupanda na chuma huzuiwa, kwani vijidudu navyo vinakihitaji. Kumlisha mgonjwa maini akiwa katikati ya homa kali, kwa ajili ya damu, ni kupoteza maini. Msubiri apone.

Maharage yaloweke, magadi yaache

Mbegu zote, iwe mahindi, maharage, kunde au karanga, huweka akiba ya fosforasi katika kitu kiitwacho fitati. Kwa mbegu ni chakula cha kuanzia maisha. Kwako ni mtego: fitati hushika chuma, zinki na kalsiamu na kuvibeba hadi nje. Mbegu yenyewe ina kimeng'enya cha kuivunja, lakini kinasubiri maji. Kwa hiyo unapoloweka unaiambia mbegu ianze kuota, nayo inaanza kujifungua.

Loweka maharage jioni kwa maji mengi, asubuhi yamwage maji hayo, suuza, weka mapya. Unaondoa sehemu ya fitati na pia sehemu ya sukari zile zinazoleta gesi. Sukari hizo, rafinosi na stakiosi, hatuna kimeng'enya cha kuzikata. Zinafika utumbo mpana zikiwa nzima, bakteria wanazishambulia, na matokeo unayafahamu. Kumwaga maji kunapoteza vitamini kidogo pia, lakini naona faida ni kubwa kuliko hasara. Maharage mekundu yana jambo lake la pekee: yana sumu ya asili inayotapisha na kuharisha, na huharibika kwa mchemko wa nguvu tu. Yachemke kwa moto mkali walau dakika 10 kabla ya kupunguza mkaa. Kuyaacha yafukute kwa moto mdogo tangu mwanzo hakutoshi, hata yakilainika.

Magadi yanalainisha maharage haraka na kuacha mboga ikiwa ya kijani ya kupendeza, hilo siwezi kulikataa. Lakini yanaharibu vitamini B1 kwenye maharage na vitamini C kwenye mboga. Maharage yaliyolowekwa usiku hayahitaji magadi, na gharama ya mkaa inapungua vilevile. Kwa kisamvu na mlenda najua watu hawatakubali, basi tumia ncha ya kijiko, na vitamini C uitafute kwenye ndimu ya mezani.

Hoja ya dona na sembe inaingia hapa. Dona ina madini, vitamini za kundi B na nyuzinyuzi zaidi, ila ina fitati zaidi pia. Sembe imekobolewa, imepoteza sehemu kubwa ya vyote hivyo. Mimi naipendelea dona, kwa sharti kwamba mlo uwe na vitamini C, na kwa uji, unga uchachuke kwanza.

Uchachushaji ni ujuzi wa zamani unaostahili heshima zaidi. Bakteria wa uchachu hutengeneza mazingira ambayo fitati huvunjika, na uji uliochachuka hauharibiki upesi. Togwa ya kusini mwa Tanzania inakwenda hatua moja mbele kwa kutia kimea, yaani unga wa ulezi au mtama ulioloweshwa, ukaota, ukaanikwa na kusagwa. Nafaka iliyoota imejaa kimeng'enya cha kukata wanga. Kwa mtoto mdogo jambo hili ni kubwa. Tumbo lake ni dogo: uji mzito unamshinda kumeza, uji mwepesi ni maji matupu na anashiba kabla ya kupata nguvu. Pika uji mzito kabisa, uepue upoe kidogo, koroga kijiko cha kimea ndani yake. Utaona kitu cha kushangaza: dakika chache tu na uji ule uliosimamisha mwiko unateleza kama umeongezewa maji, na hujaongeza tone. Urudishe mekoni uchemke tena ili vijidudu vya kwenye kimea vife, kisha mpe mtoto. Bakuli ni lilelile lakini chakula ndani yake ni kingi zaidi.

Mboga bila mafuta

Vitamini A, D, E na K huyeyuka kwenye mafuta, na huingia mwilini zikiwa zimepanda ndani ya matone yale madogo ya mafuta na nyongo. Mchicha, matembele, majani ya maboga, karoti, boga na viazi lishe vya rangi ya chungwa vina karotini ambayo mwili huigeuza vitamini A. Ukivichemsha kwa maji na chumvi tu, sehemu kubwa ya karotini hubaki ndani ya kuta za mmea na kutoka nayo. Kijiko kimoja cha mafuta kinatosha kubadilisha hali. Mchicha wa nazi wa pwani, mchicha wa karanga wa bara, mboga ya mawese ya Kigoma: zote zilishalipatia jibu hili kabla ya maabara. Kisamvu kina ubora wa ziada, kwa kuwa kinatwangwa, na kutwanga hupasua kuta za jani ambazo meno hayaziwezi. Ila kipikwe hadi kiive sana, kwa sababu ya sumu ya muhogo.

Ukiona choo kinaelea, kina mng'ao wa mafuta, kinanuka kupita kawaida na hakitoki kwa maji, kwa wiki kadhaa, hiyo ni dalili kwamba mafuta hayafyonzwi. Kongosho au nyongo inaweza kuwa na tatizo. Usitafute dawa ya kusafisha tumbo, nenda hospitali.

Maziwa, kiporo, na kuhara

Mtoto mchanga ana kimeng'enya cha kukata sukari ya maziwa. Watu wazima wengi duniani hukipoteza, ndipo glasi ya maziwa mabichi inawanguruma tumboni. Jamii za wafugaji ni tofauti. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti wa watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakaonyesha kwamba uwezo wa watu wazima kunywa maziwa ulitokea hapa Afrika kwa njia yake yenyewe, kwa mabadiliko ya vinasaba tofauti na yale ya Ulaya. Kwa hiyo usishangae rafiki yako Mmasai akinywa nusu lita bila tatizo nawe ukashindwa na kikombe. Jaribu mtindi au maziwa ya mgando: bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari hiyo kabla yako.

Kilichoshindikana kufyonzwa huingia utumbo mpana, na huko bakteria hugeuza nyuzinyuzi kuwa asidi ambazo ndizo chakula cha ukuta wa utumbo huo. Wanga uliopoa nao huingia kundi hili. Ugali, wali au viazi vikipoa, sehemu ya wanga hujipanga upya na kuwa ngumu kumeng'enywa, hivyo kiporo hupandisha sukari ya damu polepole kidogo kuliko chakula cha moto. Habari njema kwa wapenda kiporo, ila kwa wali kuna onyo. Una vijidudu vinavyostahimili kupikwa, na wali ukiachwa sufuriani usiku kucha kwenye joto la Dar es Salaam, vinatoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Kama huna friji, pika wa kutosha usiku huo tu.

Kila siku karibu lita 9 za maji hupita utumbo mwembamba: kama 2 ulizokunywa na kula, na 7 ambazo mwili wenyewe umezimwaga humo kama mate, tindikali, nyongo na mengine. Karibu zote hurudishwa kwenye damu. Kuhara ni kushindwa kuzirudisha, na ndiyo maana kunaweza kumkausha mtoto kwa saa chache. Bahati nzuri kuna njia ya pembeni. Mwaka 1960, huko Prague, Robert Crane alieleza kwamba glukosi hupita ukutani ikiwa imeshikana na sodiamu ya chumvi, na maji huzifuata. Njia hiyo hubaki wazi hata kuhara kukiwa kukali. Pakiti ya chumvichumvi ya ORS ndiyo bora. Ikikosekana, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita 1 ya maji safi. Vijiko viwe vya kusawazisha. Chumvi ikizidi ni hatari, sukari ikizidi inaongeza kuhara. Soda na sharubati ya dukani hazifai hapo. Kwa mtoto, kituo cha afya hutoa na zinki ya siku 10 hadi 14. Azimalize hata kuhara kukikoma.

Unapokula vizuri na damu bado haitoshi

Hapo tafuta kinachovuja au kinachoziba. Safura ni minyoo midogo inayong'ata ukuta wa utumbo na kufyonza damu usiku na mchana. Viluwiluwi vyake huingia kwa ngozi ya nyayo kutoka kwenye udongo wenye kinyesi. Utafiti wa miaka ya 1990 kwa watoto wa shule Pemba ulionyesha kwamba safura ilikuwa chanzo kikubwa cha upungufu mkali wa damu huko. Viatu, choo kinachotumika na dawa ya minyoo vinafanya kazi ambayo mchicha hauwezi kuifanya. Udongo wa kula unaouzwa sokoni kwa wajawazito nao huweza kushika chuma utumboni. Anayeutamani sana huenda tayari amepungukiwa, basi apimwe damu.

Vidonge vya chuma vya mtoto visinunuliwe kwa kubahatisha. Pemba hiyohiyo, jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2006 liligundua kwamba watoto wadogo waliopewa chuma na asidi foliki kila siku, mahali penye malaria nyingi, waliugua sana au kufa zaidi kuliko wenzao. Pima kwanza, na mtoto alale kwenye chandarua.

Mjamzito aliyepewa vidonge kliniki avimeze kwa maji au kwa maji ya chungwa, mbali na chai na maziwa. Vikimtia kichefuchefu, amwambie muuguzi na ajaribu kuvimeza na chakula. Hilo ni afadhali kuliko kuvificha kabatini. Choo kitakuwa cheusi akiwa anavitumia, na hilo ni la kawaida. Choo cheusi kinachonata na kunuka vibaya kwa mtu asiyetumia vidonge vya chuma ni damu inayovuja juu huko tumboni, na safari ya hospitali ni ya siku hiyohiyo.